Salimia Mpaka Ufike kwa Wakwe

Nyinyi mnaosimama kaunta siku hizi, na nyinyi mnaofundisha watu kuruka na kujinyoosha kwenye jimu za vioo, hebu sogeeni. Mimi nilikaa kaunta ya klabu ya wafanyakazi wa kampuni moja ya chai kule Kericho, karibu miaka yote ya tisini na mingine baada ya hapo. Niliitwa majina mengi. Wajaluo wenzangu waliniita Nyar Chula, yaani binti wa kisiwa, kwa sababu nilizaliwa Mfangano, ndani ya ziwa. Wakipsigis waliniita Mama Klabu. Meneja aliniita "wewe". Yote niliitika.

Klabu yenyewe msiifikirie kubwa. Ukumbi wa mbao wenye paa la mabati, uwanja wa mpira mbele, chai pande zote mpaka macho yachoke, na ubavuni chumba cha mazoezi. Ndani mlikuwa na baiskeli moja isiyoenda popote, vyuma vya kunyanyua, mikeka sita, na kioo kilichopasuka kona. Kioo hicho kilinisumbua kuliko vyuma vyote. Karani mmoja wa stoo alikuja kila siku saa saba, akapanda baiskeli, akachana nywele mbele ya kioo, akashuka, akaenda zake. Ukimuuliza, ati alikuwa anafanya mazoezi. Dereva mmoja naye alibeba chuma cha kilo tano kwenda kukiegemeza kwenye mlango wa nyumba yake upepo usiupige. Kwaya ilikuja kufanya mazoezi ya nyimbo, ikakalia mikeka yangu na kumwaga chai juu yake. Wachumaji walitoka shambani na gambuti zimejaa tope jekundu, wakataka kuingia hivyo hivyo, na nilipowazuia wakaniuliza: tope la kampuni linakuwaje uchafu likiingia nyumba ya kampuni?

Mwalimu wetu wa mazoezi alikuwa Bwana Langat. Aliwahi kuwa askari jeshi, na sauti aliitoa huko huko. Akipuliza filimbi uwanjani, wachumaji wa shamba la pili walinyoosha migongo wakidhani ni saa ya kupumzika. Lakini msimwone mkali mkadhani hakuwa na moyo. Jeshini aliwekwa hospitali ya kambi, kusaidia askari waliovunjika kujifunza kutembea upya, kwa hivyo alijua mwili mzima na mwili mgonjwa pia. Kila ninachojua cha kazi hii nilikipata kwake, na namshukuru mpaka kesho.

Wiki yangu ya kwanza alitoka kidogo, akaniachia dereva mmoja mnene aliyetaka kupunguza tumbo. Mimi kwa kiherehere changu nikampa kamba aruke. Kumbe alikuwa ametoka kula ugali na matumbo nusu saa iliyopita. Alichofanya juu ya mkeka sitawasimulia. Langat aliporudi hakunifokea, alinipa ndoo ya maji na kitambaa. Nilipomaliza kuosha akaniambia, "Kabla hujamgusa mtu, uliza." Aliongeza kwamba mtu akija hapa amekuja na mambo mengi nyuma yake, na tumbo ni moja tu.

Alinifundisha mengine pia. Kiungo kilichokakamaa hakivutwi. Unakipasha joto kwa kitambaa cha maji moto na kiganja chako, unangoja mpaka kilegee chenyewe. Mtu akisema anahisi maumivu ya kuwaka, endelea polepole. Akisema yanachoma kama mwiba, acha hapo hapo. Na usimtazame mtu usoni anaposhindwa, tazama kiungo. Hayo yote hayaandikwi kwenye mashine zenu.

Sasa ikaja semina. Kampuni ilileta kijana wa tai kutoka Nairobi kutufundisha huduma kwa wateja, sisi wa kaunta, wa zahanati na wa kantini. Kijana mwenyewe alikuwa na heshima zake, simlaumu. Alisema mteja ni mfalme. Alisema mteja asisubiri zaidi ya dakika tano. Na alisema salamu zetu ni ndefu mno, zinakula wakati wa mteja. Sema "Karibu, nikusaidie nini?" basi. Tukafanya majaribio, mmoja mteja, mwingine karani, na mimi nikasifiwa mbele ya watu wote. Nikapewa cheti. Nikakipigilia ukutani juu ya kaunta, na hapo kichwa kikavimba.

Mimi kulelewa kwangu kulikuwa tofauti kabisa. Kisiwani salamu haiishi kwenye "hujambo". Unauliza mtu ametoka ufuko gani, wa ukoo gani, mama yake alitoka wapi, dada zake wameolewa kwa nani. Unaendelea mpaka mfike mahali mnapohusiana, au mhakikishe hamhusiani. Mnadhani ni umbeya? Kisiwani huna pa kukimbilia. Unayemtukana leo kando ya maji, kesho utamkuta ni mama mkwe wa kaka yako. Na Wakipsigis nao ni hivyo hivyo. Watauliza mvua, watauliza ng'ombe, watauliza watoto mmoja mmoja, na katikati ya hao ng'ombe watakuwa wameshajua wewe ni nani. Basi mimi, binti wa kisiwa, nikayatupa hayo yote kwa sababu ya karatasi yenye muhuri. Bawabu wetu mzee, ambaye hakujua kuandika, alimwomba mtu amwandikie kwenye kitabu cha malalamiko kwamba siku hizi Mama Klabu anasalimia kama polisi. Nilisoma, nikacheka, nikafungua ukurasa mwingine.

Haya. Kulikuwa na mama mmoja wa kijijini Roret, tumwite Mama Rebecca. Alikuwa amepigwa na kiharusi, upande wa kulia wote ukalala, mkono na mguu, na mdomo ukavutika kidogo. Hospitali ya misheni walimtibu vizuri, wakamwambia aende nyumbani lakini viungo vifanyishwe mazoezi kila siku. Visipoamshwa miezi hii ya kwanza, daktari alisema, vitakauka vilivyo. Mwanawe alikuwa fundi wa kiwanda chetu, akamleta akae kwake ili apate mazoezi klabu. Akina mama wagonjwa walihudumiwa na sista wa zahanati, saa nne asubuhi, wakati Langat yuko uwanjani na timu ya mpira. Mpango ulikuwa mzuri.

Siku hiyo mvua ilianza alfajiri. Mwanawe alimleta kwa mkokoteni uliofunikwa nailoni, akamkalisha kwenye benchi langu, akakimbia zamu kiwandani. Sista alikuwa hajafika, barabara ilikuwa imeharibika. Na Langat, kwa sababu ya mvua ile, alikuwa ameingiza wachezaji wake chumba cha mazoezi.

Nikamwambia mama, "Karibu, nikusaidie nini?" Akajibu kwa taabu kwamba amekuja kwa ajili ya mguu. Nikatazama saa. Dakika tano zikapita. Mfalme anangoja! Nikamshika mkono mzima, nikamwinua, nikamkokota polepole mpaka mlangoni mwa chumba cha mazoezi, nikafungua, nikasema kwa sauti ya semina kwamba Mwalimu, nimekuletea mteja.

Langat alikuwa amelala chali mkekani na kaptura fupi, miguu juu, akiwaonyesha vijana jinsi ya kukaza tumbo. Aligeuza shingo. Nilimwona uso wake unabadilika. Aliruka, akakimbilia mlango wa nyuma, akatoka kwenye mvua bila viatu. Na mama aliyekuwa mkononi mwangu alikuwa amechomoa mkono wake wa kushoto, amejifunika shali uso mzima.

Mke wa Langat alikuwa binti wa kwanza wa Mama Rebecca.

Nyinyi wa leo huenda mkacheka. Siku hizi hata Wakipsigis wengi wamelegeza, utakuta mtu na mama mkwe wake wanakula meza moja. Lakini Mama Rebecca alikuwa wa desturi za zamani. Mkwe wake wa kiume na yeye walisalimiana kwa mbali, macho chini, na hakuna aliyetaja jina la mwenzake. Kumwona amelala na kaptura mbele yake, naye akiwa anakokotwa namna ile, ilikuwa aibu isiyo na maji ya kuiosha. Na kwetu sisi watu wa ziwani mambo ya wakwe ni mazito vile vile, kwa hivyo sikuwa hata na pa kujificha kwamba sikujua desturi. Nilijua. Sikuuliza tu. Salamu za kawaida za robo saa zingenifikisha kwa binti yake, na kwa binti yake ningefika kwa Langat.

Jioni ile ile mama alidai arudishwe Roret, akarudishwa. Sista naye mwezi huo akahamishwa shamba lingine. Wiki tatu zikapita. Mke wa Langat alikwenda kumfanyisha mamake mazoezi kama mumewe alivyomwelekeza, lakini mama akikunja uso kidogo, binti analia na kuacha. Mkono ulianza kujikunja kifuani. Langat akawa hapulizi tena filimbi kwa nguvu. Siku moja aliegemea kaunta yangu, akaniambia kwamba amewahi kuwatembeza askari ambao madaktari waliwakatia tamaa, na sasa mama wa mke wake atakauka, naye Langat anajua dawa yake na hawezi kumpa. Nililia mbele yake, sioni haya kuwaambia. Kisha nikakibandua kile cheti ukutani.

Nikaamua kwenda Roret. Miaka ile siasa ilikuwa imetuharibia ujirani, watu wa ziwani na wenyeji wanatazamana kwa pembe ya jicho, na mume wangu akanikataza. Nikamwambia nimeharibu mwenyewe, nitakwenda mwenyewe. Jumapili baada ya kanisa nikapanda pikapu ya maziwa. Na kwa kuwa kwetu huendi kuomba msamaha mikono mitupu, nikafunga samaki wawili wakubwa waliokaushwa kwenye gazeti, wale wazuri wa nyumbani.

Mkaza mwana wake, mke wa mwanawe mwingine, alipofungua gazeti alirudi nyuma hatua mbili. Wazee wa Kikipsigis wa wakati ule hawakuwa na habari na samaki. Mama Rebecca alikuwa amelazwa kwenye godoro kibarazani, akawatazama samaki, samaki wakamtazama. Akasema kwa ule mdomo uliovutika, "Umeniletea nyoka nile mimi, au ni wa paka?"

Halafu akacheka. Mama alicheka mpaka akakohoa, na mimi nikacheka nikiwa nalia. Alijua Kiswahili vizuri kwa kuwa ujanani alichuma chai mashamba ya kampuni. Basi nikavuta kigoda, nikaanza salamu. Safari hii sikuruka kitu. Nikauliza mvua, nikauliza ng'ombe, nikauliza watoto saba mmoja mmoja na walikooa na walikoolewa. Naye akaniuliza kisiwa, akashangaa kwamba watu wanaweza kuishi wamezungukwa na maji na wasiwe vyura. Ilipita saa nzima. Ndipo nikaomba msamaha.

Aliniambia kwamba kufa hakumsumbui. Kinachomsumbua ni kila asubuhi kubebwa kwenda chooni, mkaza mwana huku na mjukuu kule, majirani wakipita barabarani. "Nimezaa saba, na wote nimewabeba," akasema. "Sikuwazaa ili wanibebe." Alitaka kitu kimoja tu, kwenda chooni kwa miguu yake. Nikamwambia anayeweza kumfikisha huko ni mtu mmoja na yeye anamjua. Akafumba macho. Kisha akatoa masharti: mkwe asimwone, na mkwe asimwamrishe. Mengine nitafute mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyeharibu.

Nilirudi na masharti hayo kwa Langat. Aliyasikiliza kama amri ya jenerali. Akatazama mikono yangu, akasema, "Basi itakuwa hiyo."

Hivi ndivyo tulivyofanya. Mama alirudi kwa mwanawe. Kila siku saa nne, isipokuwa Jumapili, nilimlaza mkekani, mlango umefungwa. Siku ya kwanza alinifanya nizibe kila ufa wa ukuta kwa magazeti, akakagua mwenyewe. Langat alisimama nje chini ya upenu, ameupa ukuta mgongo, na mwavuli mkononi kwa kuwa mvua ya Kericho haina adabu. Yeye aliongea na mimi. Mama aliongea na mimi. Wote wawili walisikiana vizuri kabisa, na wangeweza kusema Kikipsigis wakamaliza, lakini maneno yalipita kwangu kwa Kiswahili ili yasiwe ya mkwe kwa mkwe.

Yule mtu wa kufokea wachezaji, mngemsikia! "Mama Klabu, mwambie mama, kama ataona vyema, ajaribu kuinua mkono." Nami nainua naye. "Mwulize, kama si usumbufu, umefika wapi." Mama anajibu, "Mwambie umefika kwenye mbavu, na hapo umegoma." Vijana wa mpira walisogea kusikiliza, midomo wazi, mpaka akawatimua kwa mwavuli.

Siku moja nilisahau somo. Kifundo cha mkono kilikataa, nikakivuta. Mama akapiga ukelele. Nje Langat akanguruma, "Achilia!" Alikuwa amefoka, na mama mkwe amesikia. Niliona mama anapumua, anapumua, halafu akasema taratibu, "Mwambie nimejua alikuwa anakuamrisha wewe." Nikafikisha. Huko nje nikasikia mtu anashusha pumzi.

Mwezi wa pili ulikuwa mbaya. Hakuna kilichosogea. Mama akawa anauliza habari za nyumbani, ng'ombe nani anamkamua, na nilielewa anataka kuacha. Mikono yangu iliuma mpaka usiku nashindwa kusonga ugali. Halafu asubuhi moja kidole gumba cha mguu wa kulia kikacheza. Nilipaza sauti kumwambia Langat. Yeye akasema niulize kama kimecheza chenyewe au mama amekiamrisha. Maana kidole kinaweza kushtuka tu, wanangu, na kushtuka si kupona. Mama akakitazama kile kidole kwa hasira, kikacheza tena. "Mwambie nimekiamrisha," akasema.

Kutoka hapo tulikwenda kidole kwa kidole. Kukaa, kusimama na kiti, hatua moja, hatua mbili za kuburuta. Langat alijifunza kusikiliza mguu kupitia ukutani. Aliniambia mguu mzima unagonga sakafu mara moja, mguu unaoburuta unafagia kwanza ndipo ugonge, na kila siku alitaka kujua kama bado unafagia. Ulifagia kwa miezi. Mama aliporudi Roret alikuwa anatembea na fimbo, na mguu bado ulifagia.

Akina mama wengine wa laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi, walikuwa wameona. Walianza kuja, mwenye mgongo uliokunjwa na kikapu cha chai, mwenye magoti, mwenye bega. Langat akaniambia sasa niache kaunta nusu siku nifundishe. Hivyo ndivyo mimi, mwanamke wa darasa la saba, nilivyokuwa mwalimu wa mazoezi mpaka nikastaafu. Nashukuru kampuni, nashukuru hata yule kijana wa tai, maana bila kosa lile nisingalijua mikono yangu ina kazi gani. Na saa ya kusalimiana sikuipunguza tena. Meneja alipolalamika nilimwambia mteja wangu anasubiri, ndiyo, lakini anasubiri huku anaulizwa habari za ng'ombe wake.

Miezi kadhaa baadaye tuliitwa Roret. Watoto wa mama walichinja kondoo kushukuru. Langat aliketi sebuleni na wanaume, amevaa suti, kofia gotini. Tangu siku ile ya kaptura hakuwa amemwona mama mkwe wake hata mara moja. Mama alikuwa jikoni, nyumba ya pili ng'ambo ya ua, na ilivyo desturi tulijua atabaki huko. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango, palipotundikwa pazia.

Mazungumzo yalikuwa yamenoga. Mara nikaona Langat amenyamaza katikati ya neno. Kulikuwa na hatua kwenye saruji ya kibaraza. Akainamisha kichwa, akasikiliza.

"Ni nani?" akaninong'oneza.

Nikachungulia kando ya pazia. Nikamwambia ni yeye.

"Na fimbo?"

"Ameiacha jikoni."

Hatua zikaja. Moja, nyingine, moja, nyingine. Hakuna kilichofagia. Langat akaichukua kofia gotini akajifunika nayo uso, na mabega yake mapana yale yakaanza kutikisika. Hatua zikasimama nyuma ya pazia.

"Mama Klabu," mama akasema, kwa Kiswahili, nyumbani kwake mwenyewe. "Mwambie mwanangu asante."

Nikamgeukia Langat, nikamwambia. Alitoa kofia usoni. Alijaribu.

"Mwambie mama…" akasema. "Mwambie…"

Sauti ile ya jeshi haikutoka tena. Tukangoja, nyumba nzima.

"Mwambie nimesikia," mama akasema.